Kabla ya kununua, hesabu safari ya kurudi



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, tangu lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ikamilike, mazungumzo ya usafiri huku kwetu Ruvuma yamebadilika. Zamani swali lilikuwa kama gari litafika. Leo swali ni gari la aina gani. Bei ya petroli imewafanya wengi, hasa vijana wanaotazama magari ya Japani kwenye simu zao, waulize kama wakati wa gari la umeme umefika. Sambamba na hilo, familia nyingi zimeanza kuweka intaneti nyumbani, na madrasa nazo zinaitaka, likazaliwa swali la pili: ruta ipi, yenye programu ipi ndani yake, ndiyo ya kuaminika?

Kamati ya msikiti wetu imeletewa maswali yote mawili kwa wakati mmoja. Lipo pendekezo la kununua gari la kuwapeleka walimu wa madrasa katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli na Lituhi, gari ambalo usiku wa dharura litaweza pia kumpandisha mgonjwa kutoka ziwani hadi Mbinga. Lipo na pendekezo la kuweka intaneti katika madrasa. Fedha zenyewe ni michango ya wakulima wa kahawa baada ya mauzo, ya wavuvi, na ya akina mama wa vikundi. Hiyo ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Nikiwa katibu, nimepewa kazi ya kuandaa maelezo kwa ajili ya kikao cha shura, nami nimeona yale yanayozifaa familia niyalete hapa, kwa kuwa baba anayetaka kuuza Noah yake ili anunue gari la umeme anakabiliwa na hesabu ile ile.

Hoja yangu katika mambo yote mawili ni moja. Chombo husifiwa dukani kwa safari ya kwenda, lakini humfaa mtu kwa safari ya kurudi.

Mlima una bei yake

Tuanze na umeme wenyewe. Kabla ya mwaka 2018, Songea na wilaya zake zilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka huo ndipo njia kuu ya umeme ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea, yenye urefu wa kilomita zipatazo 250, ilipokamilika na kutuunganisha na gridi ya taifa. Kwa hiyo aliyekuwa akisema miaka kumi iliyopita kwamba gari la umeme huku kwetu ni ndoto, alikuwa na haki. Kulichaji kungekuwa sawa na kuchoma dizeli kwa njia ya kuzunguka. Leo hali ni nyingine, na swali linastahili kujibiwa kwa hesabu.

Kutoka Songea hadi Mbinga ni kilomita mia moja hivi. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 67. Gari dogo la umeme lililobeba familia hutumia uniti 15 hivi kwa kilomita mia za barabara ya kawaida, uniti zile zile tunazonunua kwa LUKU. Kwa hiyo kilomita 67 zingehitaji uniti kumi, kama barabara ingekuwa tambarare.

Lakini sisi tunaoishi huku tunajua kwamba barabara hiyo si tambarare. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye mita 500 hivi. Tofauti ni takribani mita 800. Kuinua gari na abiria wake, uzito wa kilo 1,800 kwa jumla, kwa kimo hicho kunahitaji karibu uniti nne za ziada, na ukiongeza upotevu wa njiani zinakuwa nne na nusu au tano. Wakati wa kuteremka, mota ya gari hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri, lakini hairudishi yote. Kwa makadirio, basi, kuteremka kutakugharimu uniti saba au nane, na kupanda kutakugharimu 14 au 15. Umbali ni ule ule, gharama ni karibu maradufu.

Sasa chukua Nissan Leaf ya awali, gari la umeme linalopatikana kwa bei nafuu zaidi katika masoko ya magari yaliyotumika ya Japani. Betri yake ilipokuwa mpya ilibeba uniti 24. Baada ya miaka kumi na zaidi, si ajabu kukuta imebakiwa na asilimia 70, yaani chini ya uniti 17. Utaondoka Mbinga asubuhi betri imejaa, utateremka kwa raha, utafika Mbamba Bay kipimo kikionyesha zaidi ya nusu. Mwenye gari atawaambia jamaa zake kwamba petroli ni jambo la zamani. Lakini uniti tisa au kumi zilizobaki haziwezi kumrudisha Mbinga, kwa kuwa mlima unadai 14. Litakwama katikati ya kona, na ndani yake huenda yumo mama mjamzito anayekimbizwa hospitali.

Hapo ndipo ilipo hatari ya chombo hiki kwa watu wa mwambao. Hakikwami wakati wa kujaribiwa. Muuzaji atakutembeza mjini, utaridhika, nawe utaondoka na gari lisiloweza kukurudisha nyumbani. Wazee wetu wa Kimatengo hawakuulima mlima bila kuusoma. Walichimba ngoro, wakajua maji yatapita wapi na udongo utabaki wapi kabla ya kupanda mbegu. Anayenunua gari la kupanda mlima huo huo hana udhuru wa kutohesabu.

Kwa betri ya uniti 40 iliyobakiwa na asilimia 85, hesabu inabadilika. Una uniti 34. Kushuka na kupanda vinachukua 23, unabakiwa na 11 za tahadhari. Gari hilo linaweza kutoka Mbinga hadi ziwani na kurudi bila kuomba umeme kwa mtu. Kutoka Songea hadi Mbamba Bay na kurudi, kilomita zaidi ya 330, haliwezi kwa betri moja. Ni lazima lilale njiani na kuchajiwa.

Kulala njiani

Panga safari kana kwamba hakuna kituo maalumu cha kuchajia. Utachaji kwenye soketi ya nyumba ya mwenyeji wako au ya nyumba ya wageni. Soketi ikitoa ampia kumi, betri itapokea kama uniti mbili kwa saa. Msafiri aliyetua Mbinga adhuhuri, akala, akasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza kama sharia inavyomruhusu, na akachaji kwa saa moja na nusu, amepata uniti tatu, nazo ni kilomita 20 tu. Aliyechomeka baada ya Isha saa tatu usiku hadi adhana ya Alfajiri saa kumi na moja amepata uniti 16, nazo zinatosha kupanda mlima. Lakini umeme ukikatika saa nne katika usiku huo, amebakiwa na nane, na nane hazipandi. Kanuni ninayoipendekeza kwa kila familia ni hii: fika ziwani ukiwa tayari na uniti za kurudia. Utakazopata usiku zihesabu kuwa nyongeza.

Yapo mambo matatu ya adabu na usalama ambayo watu huyasahau.

La kwanza ni waya. Kuchaji gari ni mzigo mzito unaodumu saa nane bila kupumzika, tofauti na pasi au birika. Soketi iliyolegea au waya mwembamba wa kuunganishia hupata moto taratibu watu wakiwa wamelala. Fundi aweke laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, yenye brekaa yake na waya wa ardhini ambao mafundi huuita ethi. Iguse plagi baada ya nusu saa ya kwanza. Ikiwa ya moto, chomoa.

La pili ni haki ya mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakusema mgeni njoo LUKU ya mwenyeji iishe. Zaidi ya hapo, familia nyingi za huku zimo katika daraja la wateja wadogo. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mteja wa daraja hilo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mgeni akichaji uniti 16 mara mbili kwa mwezi amekula karibu nusu ya fungu la bei nafuu la nyumba hiyo, na anaweza kumsukuma mwenyeji kwenye bei ya juu. Kulipa uniti ulizotumia kwa bei ya chini si uadilifu ikiwa umemwachia mwenzako bei ya juu. Ulizeni kwanza, mkubaliane, na aliye na uwezo azidishe.

La tatu ni tokeni. Umeme wa LUKU hununuliwa kwa simu, na simu inahitaji mtandao. Mtandao ukiwa chini Mbamba Bay usiku huo, hutanunua uniti hata ukiwa na fedha mkononi. Kwa kuwa tokeni yenye tarakimu 20 hutolewa kwa mita maalumu, mwombe mwenyeji namba ya mita yake, ununue ungali Mbinga, uiandike kwenye karatasi. Vivyo hivyo ramani ya njia ipakue kabla ya kuondoka.

Walioenda mbali walijiandaa

Yupo atakayesema kwamba ninawatisha watu, kwa sababu pikipiki ya umeme imekwisha kuvuka nusu ya Afrika. Ni kweli. Mwaka 2024 pikipiki ya kampuni ya Roam ya Kenya ilitoka Nairobi hadi Stellenbosch, Afrika ya Kusini, kilomita zipatazo 6,000, kwa nguvu ya jua. Lakini tazama walivyofanya. Yalikuwepo magari ya kusaidia yaliyobeba paneli za sola, na kila kituo kilipangwa. Hawakutoka na pikipiki, simu na matumaini.

Mafanikio ya namna hiyo yanatufundisha mahali pa kuanzia. Kijana anayebeba abiria ndani ya mji wa Mbinga na kulala nyumbani kwake kila siku anaweza kufaidika na pikipiki au bajaji ya umeme leo, kwa kuwa safari zake ni fupi na soketi yake anaijua. Familia yenye gari moja tu, inayotegemewa na mgonjwa aliye ng'ambo ya mlima, ingoje hadi ipate betri yenye nafasi ya kutosha. Atakayenunua Leaf asome vipande 12 vya afya ya betri vilivyo kando ya kipimo cha chaji, akijua kwamba kipande cha kwanza hupotea baada ya betri kupungua kwa takribani asilimia 15. Afadhali zaidi, fundi achomeke kile kifaa kidogo cha kusomea gari chini ya usukani na asome hali ya betri kwa programu ya simu iitwayo Leaf Spy. Na atazame tundu la kuchajia, kwani la kuchajia haraka katika magari ya Japani si sawa na la magari ya China wala ya Ulaya.

Ruta nayo ina safari yake

Nimetaja mtandao, na hapo ndipo swali la pili linapoingia. Ruta ni kompyuta ndogo, na ndani yake mna programu inayoamua nani aingie, nani atoke na nini kipite. Watu hununua ruta kwa kutazama idadi ya antena. Antena ni safari ya kwenda. Safari ya kurudi ni programu, maana kila programu hugunduliwa tundu siku moja, na tundu lisilozibwa ni mlango ulioachwa wazi katika nyumba yenye watoto.

Mwaka 2018 ulitoa mifano miwili. Mwezi Mei ilitangazwa kwamba programu hasidi iitwayo VPNFilter ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za nyumbani na za ofisi ndogo. Mwaka huo huo, ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo vifaa vyake vinajulikana sana na mafundi wa mitandao wa Afrika Mashariki, zilitekwa kwa maelfu kwa kupitia tundu ambalo kampuni ilikuwa imekwisha kulitolea kiraka mwezi Aprili. Dawa ilikuwepo. Wenye ruta hawakuinywa. Kwa hiyo kuaminika kwa programu kuna sehemu mbili: mtengenezaji anayetoa masasisho, na mwenye nyumba anayeyaweka.

Ipo njia nyingine, nayo ni OpenWrt. Historia yake ina funzo. Mwaka 2003 ilibainika kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilitumia programu huria, na kwa masharti ya leseni ya programu hiyo kampuni ikalazimika kuutoa msimbo wake hadharani. Kutokana na msimbo huo, mwaka 2004 wataalamu wa kujitolea wakaanzisha OpenWrt, na hadi leo inaendelea kutolewa bure. Faida yake kwa watu wa kipato cha wastani ni kwamba ruta ambayo kampuni yake imekwisha kuitelekeza inaweza kupata maisha mapya. Lakini si kila ruta inaifaa. Tafuta yenye hifadhi ya megabaiti 16 au zaidi na kumbukumbu ya megabaiti 128 au zaidi, na usome lebo ya chini, kwa kuwa ruta mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na matoleo tofauti ya ndani, moja ikakubali na nyingine ikakataa.

Ushauri wangu si kwamba kila nyumba iweke OpenWrt. Nyumba isiyo na mjuzi inunue ruta ambayo mtengenezaji wake bado anatoa masasisho na inayoweza kujisasisha yenyewe, ibadilishe nywila ya kiwandani siku ya kwanza, basi. Madrasa yenye kijana anayeelewa, na aliye tayari kumfundisha mwenzake, inaweza kuchagua OpenWrt. Ikiwa fundi wa karibu anaijua vizuri RouterOS ya MikroTik, hiyo ndiyo bora kwake, kwa sababu programu ya kuaminika kwako ni ile ambayo ikiharibika Jumatatu, yupo mtu Mbinga wa kuirudisha kazini kabla ya Ijumaa.

Wazazi huuliza kuhusu uchafu wa mitandaoni. Upo msaada usio na malipo: tangu Aprili 2020 kampuni ya Cloudflare inatoa huduma ya majina ya mtandao kwa familia kwa anwani 1.1.1.3, inayozuia tovuti hasidi na zile za watu wazima. Ikiwekwa kwenye ruta, hulinda vifaa vyote vinavyopitia ruta hiyo. Haimlindi mtoto mwenye bando lake la simu, wala haichukui nafasi ya baba na mama kujua mtoto anatazama nini.

Mwisho ni umeme. Ruta ndogo haizidi wati kumi. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa saba huiwasha kwa saa tano au sita baada ya gridi kukatika. Hata hivyo ruta bora haiwezi kuunga waya wa baharini. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani, na aliyekuwa na ruta nzuri alisubiri pamoja na asiyekuwa nayo. Ndiyo maana masomo ya madrasa yapakuliwe na kuhifadhiwa, na namba muhimu ziandikwe kwenye daftari.

Nitakalolipeleka shura

Katika kikao nitapendekeza haya. Gari la umeme la betri ya uniti 24 tulikatae, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa. La uniti 40 tulijadili kwa masharti: afya ya betri isomwe na fundi wetu, si wa muuzaji; lijaribiwe kwa kushuka hadi Mbamba Bay na kupanda siku hiyo hiyo likiwa limebeba watu watano bila kuchajiwa; na laini ya kuchajia ijengwe kabla ya gari kufika. Likishindwa jaribio hilo, tubaki na gari la mafuta kwa ajili ya wagonjwa, bila kuona haya. Ruta ya madrasa inunuliwe pamoja na jina la msimamizi wake na la msaidizi wake, na tarehe ya kuisasisha iandikwe kila mwezi katika daftari la kamati, sawa na tunavyoandika michango.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kukosa tawakkul. Wao wanaijua habari ya yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kamba, naye Mtume (s.a.w.) akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Familia itakayoketi jioni moja na kalamu, ikaandika umbali, mlima, uniti za kwenda na uniti za kurudi, imeanza kumfunga ngamia wake. Walio na uzoefu wa kuendesha magari haya katika milima yetu wamwone katibu wa msikiti wao wa karibu, wamweleze uniti walizotumia kupanda, ili hesabu hizi za makadirio zipate za vipimo.

Wabillahi tawfiq.